Mshale ulimpata, mlima ukammalizia

"Tungoje nusu saa," alisema mwindaji bingwa akitazama saa yake. Kisha akainama tena kwenye nyasi. "Hapana. Damu nyeusi hii. Tungoje zaidi."

Aliinua unyasi mmoja mkavu kwa ncha ya kisu ili sote tuone. Tone lenyewe halikuzidi punje ya mtama. Damu ya mapafu huja nyekundu, ina povu. Ya ini ni nzito, imekolea, haina povu. Mnyama aliyepigwa ini atakufa, hilo halina ubishi. Ila hafi sasa hivi.

Shemeji aliulaza upinde wake juu ya jiwe, akakaa. Tata, msoma nyayo wetu, mzee wa Kixhosa aliyezaliwa kwenye shamba lile lile, alikaa kando akiwa ametupa kisogo, macho yake juu kwenye majabali. Mtu akafungua thamosi. Tukanywa kahawa na kutafuna zile biskuti ngumu za Makaburu ambazo bila kuzichovya zinaweza kukung'oa jino. Jua la Julai lilikuwa limetoka lakini halina joto lolote. Na mahali fulani juu yetu palikuwa na mnyama mwenye tundu la mshale ubavuni.

Nimerudi nyumbani wiki kadhaa sasa, na kinachonirudia usiku ni ile kahawa.

## Huyu mnyama

Tulikuwa milima ya Stormberg, karibu na Molteno, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Kwa wanaodhani Afrika haina baridi: shamba la Buffelsfontein, jirani na mji huo, liliwahi kupima nyuzi 18 chini ya sifuri mwaka 1996. Asubuhi maji ya kunywa yaliganda ndani ya gari.

Shemeji, mume wa dada yangu, anaishi Texas, na huko ndiko alikopata ugonjwa huu wa upinde. Wenzake huja Afrika Kusini wakaenda Limpopo, wakajificha kwenye kibanda kando ya dimbwi la maji wakati wa kiangazi, wakangoja swala aje mwenyewe kunywa. Yeye hakutaka hivyo. Alimtaka rhebok wa kijivu, swala wa milimani, yule ambaye kampuni ya viatu ya Reebok ilichukua jina lake, na rhebok hafuatwi dimbwini kwa sababu maji yake mengi anayapata kwenye majani anayokula. Hana sababu ya kushuka. Ukimtaka, panda wewe.

Ni mnyama mdogo, kilo 20 na kitu, manyoya ya kijivu yenye sufu, shingo ndefu, masikio marefu membamba. Dume ndiye mwenye pembe, mbili, zimesimama wima kama vijiti. Hapatikani popote duniani isipokuwa Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini. Dume mmoja hukaa na majike wachache kwenye mteremko wake na halali fofofo hata siku moja: daima kuna anayetazama. Tangu 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemweka katika kundi la wanaokaribia hatari. Kwenye orodha ya bei tuliyopewa, mstari wa chini yake ulikuwa tohe wa milimani, ambaye hali yake ni mbaya zaidi: yeye ameandikwa yuko hatarini kutoweka, na jamaa zake wachache wako huku kwetu Kenya na Tanzania. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya rhebok. Sijui nani anapanga hizo bei, lakini bila shaka hapangi kwa kusoma orodha za IUCN.

Mimi nilikuwa abiria, dereva wa zamu, na mbeba maji. Natoka nchi iliyofunga uwindaji mwaka 1977. Maishani mwangu mtu mwenye upinde porini alikuwa ni mtu anayetafutwa na askari.

## Theluthi ya sekunde

Wenye bunduki humpiga rhebok kutoka mita 200, mara nyingi hata 300. Mwenye upinde lazima aingie ndani ya mita 40 au karibu na hapo, na hilo ndilo linalomfanya Shemeji azungumze kama mtu aliyesilimu upya. Lazima uujue upepo. Alfajiri hewa ya baridi huteremka na bonde. Jua likishapasha miamba, hugeuka na kupanda. Ukiwa chini ya mnyama saa ile inapogeuka, harufu yako inamfikia kabla yako. Tulipoteza asubuhi nzima nzima kwa sababu hiyo. Mlio mmoja mkali, mikia myeupe ikipepea juu ya jabali, basi, kwaheri.

Siku hiyo upepo ulitulia upande wetu. Shemeji alijikokota kwa tumbo, mwindaji bingwa nyuma yake, mimi na Tata tukabaki kwenye korongo tukitazama kwa darubini. Kifaa cha leza kilisoma mita 43. Kwa kuwa alikuwa anapiga kwa kupandisha, mshale huangushwa kulingana na umbali wa mlalo tu, na kifaa chenyewe kilipiga hesabu kikampa 38 za kulengea.

Alilenga 38. Lakini mshale ulikuwa na mita 43 za kusafiri, na hapo ndipo penye maneno.

Upinde wake ni wa roda, wa kuvutwa kwa nguvu ya ratili 60 na zaidi, unaotupa mshale kwa kasi ya mita 85 hivi kwa sekunde. Inasikika ni kasi kubwa. Sauti husafiri mita 340. Kwa hiyo mlio wa upote ulimfikia yule dume katika sehemu ya nane ya sekunde, na mshale ukamfikia baada ya nusu sekunde. Katikati pana theluthi ya sekunde na ushei ambayo mnyama amekwisha kusikia na hajapigwa.

Ndani ya theluthi hiyo rhebok huchutama ili aruke. Kifua kinashuka, kiuno kinageuka. Pale palipokuwa na mapafu sasa pana ini.

Shemeji husema huo ndio uungwana wa upinde. Bunduki inamuua kabla hajasikia chochote. Upinde unampa nafasi. Nimeyasikia haya mezani kwake mara nyingi, na siku zote yalinipendeza. Sasa nimeona kwa darubini hiyo nafasi inavyofanya kazi. Haimtoshi kuokoka. Inamtosha kupigwa vibaya.

## Kungoja

Kuna sababu ya kungoja, na ni sababu nzuri. Mnyama aliyepigwa ini asipofukuzwa huenda kidogo, hulala, na hafi mbali. Ukimwinua kabla ya wakati, hofu inampa nguvu ya kwenda kilomita nyingi, na milimani humpati tena. Kila mwindaji wa upinde atakwambia hivyo. Sibishani nao.

Ila mimi nilisoma chuoni Malindi. Miongoni mwa tuliyofundishwa ni mlango wa kuwinda, katika fiqhi ya Imamu Shafi, tukiwa watoto ambao windo letu kubwa lilikuwa njiwa na manati (na hata hao, mwalimu alituambia, aliyekufa kwa pigo la jiwe haliwi). Mlango wenyewe uko wazi. Unataja jina la Mwenyezi Mungu, unatupa mshale, halafu unamfuata mnyama. Si lazima ukimbie kama mwizi, lakini huzembei. Ukimkuta bado ana uhai uliotulia, unamchinja. Ukimkawilia kwa uzembe wako mpaka akafa, umekosa nyama.

Mafunzo ya upinde yanasema kaa. Mafunzo ya chuoni yanasema nenda.

Nilimsogelea. "Shemeji, na kuchinja je?"

"Tukienda sasa tunampoteza kabisa. Atakufa peke yake, mwanzo mwisho, na asiliwe na mtu."

"Basi si ndiyo tunavyomfanya sasa?"

"Bismillahi nimepiga," akasema, na akachovya biskuti yake.

Yule mwindaji bingwa alituuliza kuna tatizo gani. Tukamwambia hakuna. Ungeanzia wapi?

Kilichonishangaza mwenyewe ni kwamba sikuwa nafikiria halali na haramu kwa ajili ya tumbo langu. Nilikuwa najiuliza kwa nini wale mafakihi wa zamani, ambao wengi wao walikuwa watu wa miji na vitabu, walikazania hivyo kile kipande cha wakati baina ya mshale na mauti. Kwa wenye nyama ni kipande kisicho na maana: mnyama ameshapigwa, nyama ni ile ile. Wao wakakiandikia sharti juu ya sharti.

## Mahali alipolala

Tata aliinuka wa kwanza, bila kuambiwa.

Hakufuata damu, kwa sababu damu ilikuwa haba. Alifuata mawe. Kuna ukoga wa rangi ya machungwa unaoshika juu ya miamba ile, na kwato ikiteleza huacha mkwaruzo mweupe. Alikuwa akiutazama mkwaruzo mmoja, anasimama, anautafuta mwingine kwa macho kabla ya kuinua mguu. Mwendo wa dakika kumi tukautembea kwa muda mrefu mno. Hakuna aliyemharakisha.

Tukafika kwenye kibao cha mwamba kilichochomoza ubavuni mwa mlima. Nyasi zilikuwa zimelala, pametengenezwa pahali pa kujikunja mnyama mmoja. Katikati ya nyasi pana damu. Ukingoni ilikuwa imekauka na kupasuka. Katikati bado ilikuwa mbichi, na nywele za kijivu zimenasa ndani yake. Kutoka hapo mikwaruzo miwili ilikwenda sambamba mpaka kwenye ncha ya kibao. Halafu hakuna kitu. Hewa tu.

Alikuwa chini yetu, mita 20 hivi, kwenye mawe. Pembe moja imevunjika.

Tukazunguka kumfikia. Tata akachuchumaa, akaushika mguu wa nyuma, akaukunja. Ukakunjika. Akaukunja tena, akasema neno kwa Kixhosa na mwindaji bingwa akatafsiri huku akifungua begi la kamera: "Anasema amekufa sasa hivi."

Nilipanda tena mpaka pale kwenye kibao. Nilitaka kuona tu. Ukisimama pale alipokuwa amelala, unaona bonde lote, gari, uzio wa kondoo, na lile jiwe tulilokalia tukinywa kahawa. Hakuna kilichoziba.

Kama ni sisi tuliomwinua pale tuliposimama kuanza kumfuata, au alijaribu kusimama mwenyewe akapepesuka, mwamba hauandiki.

## Daftari mbili

Mwindaji bingwa aliandika kwenye daftari lake: aina, jinsia, urefu wa ile pembe nzima, amepatikana. Angeandika "hajapatikana", malipo yangekuwa yale yale. Ni kanuni ya mashamba mengi ya kule: damu ikionekana, umelipa. Kwa sheria ya 1991 ya wizi wa wanyamapori, mnyama aliyezungushiwa uzio wa kutosha ni mali ya mwenye shamba kama kondoo wake, na hata yule asiye ndani ya uzio kama huo hana njia ya kuwindwa kwenye shamba bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kanuni ya damu imewekwa ili mwindaji asipige ovyo, na nakubali kwamba inasaidia. Mtu anayejua kila tone lina bei hulenga kwa makini zaidi.

Lakini ina upande wa pili. Ukishalipa, daftari limefungwa. Hakuna mstari unaouliza alikaa muda gani.

Usiku, jikoni, likafunguliwa daftari lingine. Shemeji alikuwa amekata steki, amezitia ndimu na pilipili. Akanisomea Hadithi ya Adiy bin Hatim, na aliisoma vizuri: aliyepiga mnyama kwa mshale akampata baada ya siku moja au mbili, hana alama ila ya mshale wake, na ale akitaka. "Huyu tumempata siku ile ile," akasema.

Nikamwambia aimalizie. Hadithi yenyewe inaendelea: akikutwa ameanguka majini, asiliwe. Kwa nini? Kwa sababu hujui ni mshale au ni maji. Na Suratul Maida, aya ya 3, inamtaja kwa jina lake aliyekufa kwa kuporomoka. Mafakihi wetu walipofika kwenye mnyama aliyepigwa mshale akatua mlimani kisha akaanguka kutoka mlimani, hawakusita: amekufa kwa sababu mbili, na moja haihalalishi. Isipokuwa kama mshale ulikuwa umekwisha kumfikisha kwenye kukata roho kabla hajaanguka.

"Basi alikuwa amekwisha," akasema Shemeji.

"Akasimama akatembea mpaka ukingoni?"

Dada yangu, kwenye simu ya video, akatuambia tuache ubishi chakula kinapoa. Shemeji akala. Mimi nikala wali na maharagwe ya kopo. Nyama iliyobaki aliichukua Tata, kama ilivyo desturi ya shamba, na kichwa kikaenda kwa fundi wa kukausha nyara, ambaye pembe iliyovunjika ataiunda upya kwa plastiki.

## Watu wenye vichwa vya rhebok

Baadaye tulivuka kuingia Lesotho, na kwenye wilaya ya Qacha's Nek tukafika Melikane. Ni pango pana la mwamba, na ukutani kuna michoro ya Wasan, wawindaji wenyeji wa kale wa kusini mwa Afrika. Miongoni mwake kuna watu wanaosimama kwa miguu miwili, wameinama, wameshika fimbo, na vichwa vyao ni vya rhebok, pembe zimesimama wima vile vile.

Mwaka 1873 kijana wa Kisan aitwaye Qing aliulizwa juu ya watu hao na Joseph Orpen, hakimu wa serikali ya koloni la Rasi (Cape) aliyekuwa akipita. Akasema ni watu waliokufa na sasa wanaishi mitoni. Wataalamu wa baadaye, David Lewis-Williams akiwa mstari wa mbele, wakaona humo waganga walioingia kwenye ngoma ya kupandisha, wanaokufa kifo cha njozi. Mimi nilichokiona ni kwamba mtu wa upinde, katika milima hii hii, alipotaka kuchora mtu aliyevuka mpaka wa mauti alimvika kichwa cha huyu mnyama.

Wasan wengine, wale /Xam wa nchi kavu ya Rasi, waliwaeleza watafiti Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd mjini Cape Town katika miaka ya 1870 mambo ya kuwinda. Mtu aliyempiga mnyama kwa mshale wa sumu hakukimbia kurudi kambini. Alitembea taratibu. Aliangalia anachokula. Alijiweka kama mtu mgonjwa, kwa kuwa anachokifanya yeye ndicho atakachokifanya mnyama: yeye akichangamka, mnyama naye atachangamka na sumu itashindwa.

Walingoja, kama sisi. Walingoja kuliko sisi.

Sitaki kuipamba sumu. Kalahari hutolewa kwenye lava wa mbawakawa, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hutumia utomvu wa mti wa panjupe, na Wawaata wa huku kwetu nyuma ya Malindi walichemsha msunguti wakawaangushia ndovu kwa pinde ambazo mwanamume wa kawaida hawezi kuzivuta. Sumu ilimfanya mnyama mkubwa ahangaike kwa saa, pengine siku. Hakuna huruma ndani yake. Na Wawaata walipofungwa jela miaka ya 1950 kwa ajili ya ndovu wa Tsavo, hakuna hakimu aliyewauliza walikuwa wakijisikiaje wakati wa kungoja.

Ila tusidanganyane kwamba upinde wa Shemeji ni ule ule wa mababu, kama anavyopenda kuandika chini ya picha zake. Upinde wa kale ulikuwa silaha ya kuanzisha kifo, halafu kazi kubwa ikaja baadaye, kwa miguu, kwa njaa, kwa miiko. Huu wa roda umetengenezwa kumaliza kila kitu ndani ya nusu sekunde. Usipomaliza, mwenye nao hana la kufanya mpaka kahawa iishe.

## Majibu niliyopata

Niliporudi nilimwendea sheikh aliyenifundisha. Nilimsimulia yote, hata ukoga wa machungwa. Akaniuliza swali moja tu: alipokuwa amelala pale juu, alikuwa akitazama?

Nikamwambia hatukumwona.

"Tena mlikuwa mnaonekana."

"Ndiyo, sheikh."

Akasema ya nyama yameisha, aliyeacha kwa shaka ameacha vizuri, na aliyekula kwa tafsiri yake atasimama nayo. Halafu akaanza kuniuliza bei ya tiketi na kama kule kuna misikiti.

Shemeji nilimpigia siku iliyofuata. Nilimwambia kungoja simlaumu tena. Ukishapiga ini, kungoja ni baya lililo dogo. Kosa, kama lipo, liko kwenye kupiga mnyama anayesikia haraka kuliko mshale, akiwa amesimama mahali ambapo hatua tatu kushoto ni poromoko. Basi asiachie mshale chini ya mnyama pakiwa na genge. Angoje ashuke kwenye nyasi, na ikiwa hashuki, tuteremke tukale.

Akamuuliza mwindaji bingwa wake. Jibu likaja kwamba kwa sharti hilo rhebok hapigwi tena kwa upinde, na mbuzi mawe, ambaye Shemeji anamtaka mwakani, ndiyo usahau kabisa: yule husimama kwa ncha za kwato juu ya majabali, na hapo ndipo makao yake.

Nikamwambia jibu si ndilo hilo.

Alinyamaza siku kadhaa. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: arubuni ameshalipa, sharti langu analifikiria, na safari hii hakuna kungoja kwa saa. Mimi na Tata tutatangulia na kisu mara mshale ukitoka.

Namwambiaje kwamba kwa ini, hiyo ndiyo njia ya kumpoteza?